Kafyu saa mbili, kaunti tano zimefungwa: mbona 2020 tulivumilia na mwaka huu hatutaki hata kusikia?

#1 Mchuuzi wa Githurai (Jumapili, 28 Machi 2021)

Wadau, habari za Jumapili. Tujadiliane bila matusi.

Ijumaa nilikuwa napanga nyanya, fundi viatu wa kando yangu akaongeza sauti ya redio. Rais Uhuru ametangaza: kwa sababu ya korona, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zimefungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kafyu kwetu sasa ni saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri. Baa zimefungwa, hotelini unabeba chakula unaenda nacho, ibada za kukusanyika basi. Nilidhani watu watanyamaza kama Machi ya mwaka jana, wakati ule mtu akikohoa ndani ya matatu gari zima linafungua madirisha. Wapi! Mteja wangu mmoja, mzee mpole anayenunua sukuma ya shilingi ishirini kila jioni, alivua kofia akaitupa chini.

Kirusi ni kile kile, na wanasema sasa ni kikali zaidi. Rais ni yule yule. Mbona mwaka jana tulivumilia na mwaka huu watu wamewaka?

Naanza na jibu langu. Mwaka jana tulifungiwa lakini tulishikwa mkono kidogo. VAT, kodi ya bidhaa, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Anayepata hadi 24,000 kwa mwezi hakukatwa kodi ya mshahara. Kutuma pesa ndogo kwa M-Pesa, hadi shilingi 1,000, kulikuwa bure. Yote hayo yaliisha na mwaka wenyewe. Mwezi huu petroli Nairobi imefika shilingi 122.81 kwa lita. Tumefungiwa ndani, na sufuria ilishaepuliwa zamani.

#2 Kinyozi wa Rongai

Umesema yote, mama. Mimi wateja wangu ni wa jioni, watu wakitoka kazini. Saa kumi na mbili ndiyo viti vinajaa. Sasa saa kumi na mbili unusu nafunga ili niwahi nyumbani. Ukifanya hesabu, siku yangu ya kazi imekatwa kichwa na kubaki miguu.

#3 Shabiki wa Takwimu

Asante kwa uzi. Ila tusisahau kwa nini imetangazwa. Januari, katika kila watu 100 waliopimwa, walioambukizwa walikuwa 2 hivi. Machi ni 22. Hizo kaunti tano peke yake zimebeba zaidi ya asilimia 70 ya maambukizi ya nchi. Hasira zenu nazielewa, lakini kama mtu ana jibu lingine la kufanya na nambari hizo, alete.

#4 Dereva wa Mau Summit

@Shabiki nambari ni sawa. Hakuna aliyekataa nambari. Mimi naendesha Nakuru–Eldoret. Angalia ramani: Nakuru iko katikati ya barabara kuu. Ukifunga Nakuru umefunga njia ya Kericho, Kisumu, Eldoret hadi Malaba kwa abiria. Nakuru–Nairobi naruhusiwa, ni eneo moja, lakini huko kuna magari yao na chama chao, siwezi kuibuka tu nikapanga foleni. Gari ni la mkopo. Mkopo haujui kafyu.

#5 Bin Mvita

Asalaam aleikum. Nyinyi wa bara mnalia mmefungwa. Sisi Mombasa hatukufungwa safari hii, na tumefungwa zaidi yenu! Pasaka ni Jumapili ijayo. Watu wa Nairobi hawaji, treni ya abiria ya SGR imesimamishwa. Ndugu yangu ni mhudumu hoteli ya Diani. Jumamosi asubuhi wameitwa wote ukumbini, wakaambiwa vyumba vilivyokuwa vimeshikwa vimeachwa, nendeni nyumbani hadi mpigiwe simu. Alikuwa amerudishwa kazini Desemba tu, baada ya miezi tisa.

#6 Mhasibu K

Kuna jambo hamlisemi. Kwa nini Mombasa haikufungwa na mwaka jana ilifungwa tangu Aprili hadi Julai, na Mji wa Kale ukafungwa peke yake Mei? Raila alitangaza mwezi huu huu ana korona baada ya ziara ya siku kadhaa huko huko Pwani. Mikutano ile ilijaa watu. Kama ni kirusi, Pwani ingeguswa. Naona siasa hapa. BBI, ule mpango wa Rais na Raila wa kubadilisha katiba, imepita kwenye mabunge ya kaunti, sasa wanataka mikutano ya wanaoipinga inyamaze.

#7 Shabiki wa Takwimu

@Mhasibu K hapo hapana. Mikutano ya siasa imepigwa marufuku nchi nzima na kwa pande zote, si kaunti tano pekee. Pia Nairobi peke yake inakaribia asilimia 60 ya wagonjwa wapya mwezi huu. Mombasa haikufika hapo.

#8 Mhasibu K

Imepigwa marufuku baada ya madhara. Uchaguzi mdogo wa useneta Machakos ulikuwa tarehe 18. Kampeni zilifanyika watu wakiwa bega kwa bega, barakoa kidevuni. Siku nane baadaye Machakos imefungwa. Nani aliyaleta maambukizi? Si mama wa nyanya wa Githurai.

#9 Mchuuzi wa Githurai

Hilo nimelipokea, Mhasibu. Na ndilo lililomtoa mzee wangu kofia. Alisema: "Wamekula harusi, sisi tunaosha vyombo."

#10 Mwanafunzi Mwaka wa Tatu

Naomba kusaidiwa na anayejua. Chuo kimetuambia tuondoke mabwenini, masomo ya ana kwa ana yamesimamishwa. Kwetu ni Bungoma. Chuo kiko ndani ya kaunti zilizofungwa. Mlango wa bweni unafungwa nyuma yangu na barabara imefungwa mbele yangu. Nimelala kwa rafiki Juja siku mbili, tuko sita chumba kimoja, jiko moja la gesi ndogo. Hiyo ndiyo tunaita kuzuia msongamano?

#11 Mama Wawili

Mwanangu pole. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na kitambulisho cha chuo na barua ya chuo ya kukutaka uondoke, uombe kibali. Usipite njia za panya, utapoteza pesa na labda usifike. Ukikwama niandikie kisandukuni, niko Ruiru, kuna godoro.

#12 Kinyozi wa Rongai

Njia za panya zipo na watu wanazitumia, tusidanganyane. Mwaka jana mpaka ulikuwa daraja la mto Chania pale Thika. Matatu inakushusha upande huu, unavuka kwa mguu na begi kichwani, upande wa Murang'a kuna bodaboda na matatu nyingine inakusubiri. Nauli mara mbili. Kirusi kilivuka nao bure.

#13 Dereva wa Mau Summit

😂 Kinyozi anajua njia kuliko sisi madereva. Usije ukaacha mashine ukatunyang'anya stendi.

#14 Muuguzi wa Zamu (Jumanne, 30 Machi)

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye mapumziko ya dakika ishirini. Sisemi ni hospitali gani.

Naomba niseme ninachokiona kisha mwendelee. Mwaka jana Aprili tulikuwa na wodi iliyotengwa, imejaa vitanda, wagonjwa wachache. Tuliogopa kitu ambacho hatukukiona sawasawa. Mwaka huu kimekuja chenyewe. Jana usiku mzee mmoja aliletwa na wanawe kwenye kiti cha nyuma cha gari, anapumua kwa mabega. Unajua mtu anapumua kwa mabega unapoona kola ya shati inapanda na kushuka. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 71. Tulikuwa na kitanda, lakini kila mdomo wa oksijeni ukutani ulikuwa na mtu. Tukavuta mtungi kutoka chumba cha kina mama waliojifungua. Mtungi mmoja mkubwa kwa mgonjwa wa namna hiyo hauishi usiku mzima. Unasikiliza sauti yake huku ukiandika faili, na ukisikia imebadilika unakimbia.

Kwa hivyo mtu akiniambia hii ni siasa, nachoka. Lakini pia nikisikia mama wa Githurai anasema sufuria imeepuliwa, najua anasema kweli, kwa sababu hata mgonjwa wangu anaogopa bili kuliko kifo. Yote mawili ni kweli, na mimi nimesimama katikati nikiwa na glavu.

#15 Mchuuzi wa Githurai

Muuguzi, Mungu akutunze. Mzee alipona?

#16 Muuguzi wa Zamu

Yuko. Leo ameomba uji.

#17 Mkulima Kinangop

Mimi niko Nyandarua, nje ya uzio. Wanasema mizigo inaruhusiwa, na ni kweli lori linapita. Lakini lori linapita likiwa na nini kama hoteli za Nairobi hazipiki? Kabichi zangu mnunuzi wake ni mtu mwenye vibanda vitatu vya chakula Industrial Area. Amenipigia: "Mkulima, usinitumie." Kabichi haikai ghalani kama mahindi. Ikipasuka kichwa ni ya ng'ombe. Nimewapa ng'ombe, na nimekaa kwenye ndoo nikiwatazama wakila karo ya shule.

Mwaka jana nilivumilia kwa sababu nilikuwa na akiba. Jibu la swali la uzi kwangu ni hilo tu. Akiba ilikwisha.

#18 Jirani wa Arusha

Salamu kutoka Tanzania wakuu. Ninaleta vitunguu vya Mang'ola hadi Nairobi kupitia Namanga, na Namanga iko Kajiado, kwa hiyo yenu ni yetu. Mapema mwezi huu mlitusimamisha na mahindi kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni, sasa na hili.

Ila nataka kuwaambia kitu kama ndugu. Huku hatukufungwa. Takwimu ziliachwa kutolewa tangu mwisho wa Aprili mwaka jana, zikabaki kwenye wagonjwa 509. Mwanzoni mwa mwaka huu tumekwenda misiba mingi, na ukiuliza marehemu alikuwa anaumwa nini unaambiwa "changamoto ya upumuaji". Nimemzika mjomba hivyo. Hakuna aliyenifungia mlango, na hakuna aliyeniambia ukweli. Ninyi mnagombana juu ya nambari. Sisi tulikosa hata nambari ya kugombania. Sasa tuna rais mpya, Mama Samia, tunangoja tuone.

#19 Bin Mvita

Pole kwa msiba, Jirani. Allah amrehemu mjomba.

#20 Mhasibu K

Pole sana. Lakini hoja hiyo isitumike kutunyamazisha hapa. Kwamba jirani hana paa haimaanishi langu lisizibwe. Sisi tuna nambari za wagonjwa. Nambari za pesa ziko wapi? KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, mwaka jana manunuzi yake ya shilingi bilioni 7.8 yakaingia kwenye uchunguzi, barakoa na mavazi ya kujikinga kwa bei za ajabu. Huo ndio utofauti wa 2020 na 2021. 2020 tuliamini kwamba tunajinyima ili hospitali zijiandae. Ndiyo maana nikisoma habari ya Muuguzi na mtungi wake nalia kwa hasira.

#21 Muuguzi wa Zamu

Hapo umenena, na ninakubaliana nawe neno kwa neno.

#22 Mjukuu wa Leeds (Jumamosi, 3 Aprili)

Niko Uingereza. Nilikuwa nimekata tiketi nije kumwona bibi Machakos. Jana wametangaza Kenya inaingia orodha nyekundu kuanzia tarehe 9. Nikija, kurudi ni kukaa karantini ya hoteli siku kumi kwa pauni 1,750. Kwa hiyo bibi amefungiwa na mimi nimefungiwa. Amenitumia sauti kwenye WhatsApp akiuliza kama nimekosana naye.

Na nyie wenye kupinga: huku tulifungwa tangu Januari, wimbi likashuka. Inafanya kazi.

#23 Kinyozi wa Rongai

Inafanya kazi kwa mwenye friji, kaka. Huko serikali iliwalipa watu mishahara wakiwa nyumbani. Pole na bibi lakini.

#24 Mjukuu wa Leeds

Kweli, hilo la mishahara sikulitaja na lilinisaidia hata mimi. Nakubali.

#25 Mhasibu K

Mmeona IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, jana wameidhinisha kuikopesha Kenya dola bilioni 2.34? Wiki moja baada ya kufunga. Watu wamevamia ukurasa wao wa Facebook wakiwaambia wasitukopeshe. Sitaki kusema, lakini naona uhusiano. Nchi ikifungwa, mkopo unafunguka.

#26 Shabiki wa Takwimu

Mazungumzo hayo hayakuanza wiki hii. Walikubaliana na wataalamu wa IMF Februari, kabla wimbi halijapanda hivi. Unaweza kuukataa mkopo, hata mimi nina wasiwasi nao, bila kuufunga kwenye kafyu.

#27 Mama Wawili

Watu wanasaini kukataa mkopo! Nimezaliwa nchi hii na sijawahi kuona. Mkopaji amepiga magoti, na wanawe wamesimama mlangoni wanamwambia mwenye pesa ondoka. Hasira ya namna hiyo haikuletwa na kafyu. Kafyu ni kijiti kilichowekwa juu ya mzigo.

Mwanafunzi wa Bungoma, ulifika?

#28 Mwanafunzi Mwaka wa Tatu

Nilifika jana mama, kwa kibali. Asante. Vizuizi vinne. Viwili walisoma barua, viwili hawakuisoma, waliangalia mfuko wangu tu.

#29 Binti Eastleigh (Alhamisi, 15 Aprili)

Ramadhani imeingia. Kwetu biashara ya mwezi huu ni ya usiku. Watu wanafuturu, wanaswali, kisha mitaa inajaa hadi usiku mwingi, kanzu, viatu vya watoto, tende. Mama yangu anauza sambusa na bajia. Magharibi ni saa kumi na mbili na nusu na kidogo. Kafyu saa mbili. Ana chini ya saa moja na nusu ya kuuza, na ndani ya hiyo lazima afuturu, aswali na apange meza. Jana tumerudi na karai nusu. Tarawehe tunaswali sebuleni, kaka yangu mdogo ndiye imamu, ana miaka kumi na minne, anasoma vizuri mashallah.

Mei mwaka jana Eastleigh ilifungwa peke yake na tulikaa. Kwa hiyo mimi sisemi tumechoka. Nasema saa zipangwe na mtu aliyewahi kuuza kitu barabarani.

#30 Mchuuzi wa Githurai

Binti, saa ndiyo mwiba. Mimi zamani saa tisa alfajiri niko Marikiti, sukuma bado ina umande. Kafyu inaisha saa kumi, nikitoka hapo na kusubiri matatu, nafika soko limeshachaguliwa. Narudi na majani yaliyolala. Mteja anayagusa, anayarudisha.

Na matatu ya watu 14 inabeba 8. Jioni nauli ya kutoka mjini imeruka kutoka hamsini hadi mia, mvua ikinyesha ni mia na hamsini. Watu wanaogombania mlango saa kumi na moja jioni wamebanana kuliko walivyowahi kubanana kabla ya kafyu. Shabiki, una nambari za mlango wa matatu?

#31 Shabiki wa Takwimu

Sina, mama. Na ni swali zuri. Kafyu ikibana saa, inabana watu. Sijaona aliyelipima.

#32 Muuguzi wa Zamu (Jumapili, 18 Aprili)

Jana usiku mlikuwa Thika Road?

Nimetoka zamu jioni, nina barua ya kazi muhimu. Polisi walifunga barabara kwa ajili ya kafyu, magari yakasimama kutoka kizuizini hadi macho yalipoishia. Nyuma yetu kulikuwa na ambulensi. Taa inazunguka, king'ora kinalia, hakuna pa kupita. Watu walishuka kwenye magari wakaanza kusukumana na kuelekezana ili ipate upenyo, mama mmoja akiwa na mtoto mgongoni anapiga boneti za magari, "Sogea! Sogea!" Haikusogea. Baadaye dereva akazima king'ora akabaki na taa tu. Sijui nani alikuwa ndani.

Nilifika nyumbani karibu saa sita. Hapo juu niliandika kwamba nachoka mkisema ni siasa. Leo nimechoka kwa lingine. Tunawaambia watu wakae nyumbani ili tuokoe pumzi zao, kisha tunaiziba barabara ya ambulensi.

#33 Dereva wa Mau Summit

Nimeona picha. Mwaka jana siku ya kwanza ya kafyu ilikuwa gesi ya machozi pale Likoni, watu wakikimbilia feri. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, Nairobi. Kabla hatujauliza kwa nini watu hawatii, tuulize waliotii walipata nini. Yule mtoto alikuwa nyumbani.

#34 Bin Mvita

Hapo sina neno.

#35 Mama Wawili

Hilo silijibu kwa hoja. Nilikuwa nataka kuitetea serikali leo, nimefuta.

#36 Mkulima Kinangop

Naona mitandaoni sasa watu wanataka nchi ifunguliwe. Muuguzi, ikifunguliwa kesho wewe utasemaje? Nauliza kwa heshima.

#37 Muuguzi wa Zamu

Nitasema bado mapema. Wiki hii vitanda vimeanza kupumua kidogo, na sitaki vijae tena. Lakini nitasema pia mama wa Githurai aruhusiwe kwenda Marikiti saa tisa. Umande haujamwambukiza mtu.

#38 Jirani wa Arusha

Huku Mama Samia amesema ataunda kamati ya wataalamu itazame suala la korona. Dogo, lakini kwetu ni kubwa. Vitunguu vimepita juzi, ila dereva amelala Namanga usiku mmoja akisubiri majibu ya kipimo.

#39 Mhasibu K (Jumamosi, 1 Mei)

Rais amefungua. Sikukuu ya Wafanyakazi. Kaunti tano ziko wazi, kafyu imerudi saa nne usiku, baa hadi saa moja jioni, ibada kwa theluthi ya watu. Nasema kelele za watu ndizo zilizofungua.

#40 Shabiki wa Takwimu

Na mimi nasema wimbi limeshuka kwa sababu ya kufunga. Maambukizi yameporomoka tangu Machi.

#41 Kinyozi wa Rongai

Au lingeshuka lenyewe, kama la Novemba lilivyoshuka bila kaunti kufungwa.

#42 Shabiki wa Takwimu

La Novemba wanafunzi wengi walikuwa bado hawajarudi shuleni, Kinyozi. Mpaka Januari 4.

#43 Kinyozi wa Rongai

Na kaunti hazikufungwa. Hujanijibu.

#44 Mchuuzi wa Githurai

Mwisho wa kafyu bado ni saa kumi alfajiri? Au umesogea?

#45 Mama Wawili

Saa kumi, haikuguswa.

#46 Mchuuzi wa Githurai

Sawa. Basi sukuma bado itakuwa imelala.

#47 Dereva wa Mau Summit

Kesho natoka Nakuru kwenda Eldoret saa kumi na moja asubuhi, gari la kwanza. Nabeba wanane. Watano wameshalipa. Nani anakuja?